Ng'ombe Wako Akishauzwa na Serikali ya Jirani

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya wafanyabiashara wa mpakani, madereva wa malori na wastaafu kadhaa. Wengi waliokuwa safarini wameniomba niiweke yote. Ramani na picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale, pamoja na mizaha iliyokosa vicheko.

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu wa Gikomba mliofunga vibanda siku ya biashara, madereva mlioacha malori Mlolongo mkaja kwa matatu, vijana mliosimama pale mlangoni: hamjambo?

Hiyo ni sauti ya watu waliokwisha kukata tamaa. Jibuni kama watu wanaodai. Hamjambo?

Sasa nimesikia.

Katibu wenu aliponipigia simu aliniambia, "Mwalimu, usitupeleke darasani. Tuambie tu: serikali ya jirani ikichukua mali ya Mkenya, atalipwa lini?" Jibu ninalo, na sitalificha hadi mwisho. Utalipwa siku aliyechukua atakapohitaji kitu kutoka kwa serikali yako. Si siku utakayokuwa umelia vya kutosha. Si siku haki yako itakapoiva. Ni siku atakapohitaji kitu. Mengine yote nitakayosema ni ya kuwaonyesha kwamba sikulibuni jambo hili njiani nikija.

Tuanze na ng'ombe. Mwezi wa Oktoba 2017, ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kimaasai kutoka upande wetu walikamatwa Tanzania. Walikuwa wamevuka kufuata majani, kama walivyovuka babu zao kabla mtu yeyote hajachora mstari pale. Wakapelekwa mahakamani, wakapigwa mnada. Siku chache baadaye vifaranga 6,400 waliotoka Kenya wakachomwa moto Namanga kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege. Wizara yetu ya Mambo ya Nje ikalalamika. Rais Magufuli akajibu kwamba Tanzania si malisho ya ng'ombe wa nchi jirani.

Niwaulize: wanadiplomasia walipoketi, ng'ombe wale walikuwa wa nani?

Mzee amesema ni wa mfugaji. Ni kweli, yeye ndiye aliyewajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa mama zao. Lakini mezani walipofika, hawakuwa ng'ombe tena. Walikuwa hoja moja katika orodha iliyokuwa na unga wa ngano, gesi ya kupikia, maziwa na sigara, maana mwaka ule nchi hizi mbili zilikuwa zimezuiliana bidhaa hizo zote. Ukiwa afisa una saa mbili za mazungumzo na bidhaa za viwanda vizima zimekwama mpakani, utaanza na ng'ombe wa Mmaasai?

Ndugu zangu, shikeni hili: dai lako likishapanda kwenye meza ya serikali mbili, si lako tena. Hayo si maneno yangu ya uchungu, ni sheria yenyewe. Mwaka wa 1924 kulikuwa na Mgiriki aliyeitwa Mavrommatis. Waturuki walikuwa wamempa kibali cha kuleta maji na umeme Jerusalem. Waingereza walipoitwaa Palestina, vibali vyake vikakosa mwenye kuviheshimu. Ugiriki ikaishtaki Uingereza kwenye mahakama ya kimataifa ya The Hague. Mahakama ile ikasema jambo ambalo mawakili hulirudia hadi leo: nchi ikiichukua kesi ya raia wake, kwa hakika inadai haki yake yenyewe.

Mnaona maana yake? Ikiwa ni haki ya nchi, basi nchi yaweza kuidai leo, au kesho, au isiidai kabisa. Yaweza kukubali nusu. Yaweza kukubali robo ikapewa na bandari. Na malipo yakija, huingia mkononi mwa nchi kwanza.

Je, asiye na nchi? Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Wenye pasipoti za Uingereza walikuwa na Uingereza ya kuwasemea, ingawa iliwapokea huku imekunja uso. Lakini wako waliodhani ni Waganda, na makarani wakazikataa karatasi zao, wakajikuta hawana uraia wowote. Hao walipelekwa na Umoja wa Mataifa kwenye kambi za muda Austria, Italia, Malta na kwingineko. Maduka yao yalikuwa maduka kama ya wenzao. Mashine zao za pamba zilikuwa mashine zile zile. Kilichokosekana ni serikali ya kugonga meza kwa niaba yao.

Hadithi ya pili haiko mbali. Makongeni hapo jirani, zile nyumba zilijengewa wafanyakazi wa reli. Wangapi hapa walifanya kazi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani? Inueni mikono. Naona mikono mitano... mzee wangu, wewe umeinua miwili, hutahesabiwa mara mbili!

Jumuiya ile ilianza Desemba 1967. Ilikuwa nyumba moja yenye vyumba katika nchi tatu: makao ya reli na ndege hapa Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, ofisi kuu Arusha. Amin alipopindua serikali mwaka wa 1971, Nyerere akakataa kuketi naye, na nyumba ikaanza kuvuja. Januari 1977 sisi tukaanzisha Kenya Airways. Februari Tanzania ikafunga mpaka, na magari ya watalii na ndege ndogo za kampuni za Kenya zilizokuwa upande ule zikazuiliwa kule. Kila mmoja akashika kilichokuwa chumbani mwake, akafunga mlango, akasema ni changu.

Akatafutwa mpatanishi wa kuwagawia mali, mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht. Alianza kazi 1978. Mnajua mkataba ulitiwa saini lini? Mei 1984, Arusha. Miaka sita! Mtoto aliyezaliwa Umbricht alipoanza kuhesabu vichwa vya treni, alikuwa darasa la kwanza saini ilipopigwa. Kenya ikapata asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Na kwa kuwa Uganda ilikuwa imebakiwa na vitu vichache kuliko fungu lake, Kenya na Tanzania zikakubali kuilipa tofauti.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo ulipo moyo wa habari yangu. Kwa nini 1984 na si 1979? Hesabu ya Umbricht ilikuwa ile ile. Mabehewa yalikuwa yale yale, ila yamezidi kutu. Kilichobadilika ni mahitaji. Tanzania ilikuwa imetoka vitani na Amin, hazina imekauka. Uganda ya Obote ilihitaji kila kitu. Kenya ilikuwa imekosa soko la Tanzania kwa miaka karibu saba. Na Benki ya Dunia, iliyokuwa imeyakopesha mashirika ya Jumuiya, ilitaka kujua deni lake litalipwa na nani. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Saini ikafuata miezi sita baadaye. Kwanza walihitajiana, ndipo wakalipana.

Na pensheni je? Mikono mitano inajua. Mataifa matatu yaligawana injini na madeni kwa asilimia, lakini pensheni ikaachiwa kila serikali iwalipe watu wake. Huko Dar es Salaam wazee wa Jumuiya waliendelea kuandamana hadi miaka ya 2000. Mkataba uliopongezwa duniani kote, na wazee wamekaa barabarani. Nikisikia mtu akisema mazungumzo yamefanikiwa, mimi huuliza: yamefanikiwa kwa nani?

Hebu tutoke Afrika Mashariki kidogo, mwone kama ni sisi tu wenye tabia hii.

Ethiopia, mwaka wa 1975, Derg, serikali ya wanajeshi, ilitaifisha viwanda na mashamba, na baadhi yake vilikuwa vya Wamarekani. Marekani wana sheria inayozuia msaada kwa nchi iliyonyang'anya mali ya raia wao bila fidia, na mwaka wa 1979 wakaitumia. Addis ilifanya nini? Ilinyamaza. Kisha ikaja njaa kuu ya miaka ile ya themanini, na Desemba 1985 Ethiopia ikakubali kulipa dola milioni 7. China ilichukua mali ya Wamarekani baada ya mapinduzi ya 1949, ikakaa miaka thelathini. Mei 1979, miezi michache baada ya nchi hizo kubadilishana mabalozi, China ikitaka biashara, ikakubali kulipa dola milioni 80.5. Vietnam ililipa dola milioni 208.5 mwaka wa 1995, mwaka ule ule uhusiano wake na Marekani uliporudishwa, tena kwa pesa zake zilizokuwa zimezuiwa katika benki za Marekani.

Uganda nayo? Sheria ya kurudisha mali ya Waasia ilipitishwa 1982. Lakini watu walianza kurudishiwa majengo yao kwa wingi miaka ya tisini, Museveni alipokuwa akiwaita wawekezaji. Mwekezaji hukuuliza swali moja tu: wale waliokuja kabla yangu, mliwafanya nini?

Nawaona mnanitazama kama mtu anayesifu ubaya. Sisifu. Nasema ndivyo mlango unavyofunguka, ili msiukalie upande wa bawaba.

Na asiyehitaji kitu kwako, au aliyeshindwa kukubaliana nawe juu ya kitu hicho? Huyo ni Cuba. Mwaka wa 1960 Fidel Castro alitaifisha viwanda vya sukari, mitambo ya mafuta na benki za Wamarekani. Watu husema Cuba ilikataa kulipa. Si kweli kabisa, na ukweli wake unachekesha zaidi. Sheria yao ya Julai 1960 iliahidi fidia kwa hatifungani, yaani karatasi za ahadi ya kulipa baadaye, za miaka thelathini, riba asilimia mbili. Pesa zingetoka wapi? Kwenye sukari ambayo Marekani ingenunua kwa mwaka kupita tani milioni 3, kwa bei isiyopungua senti 5.75 kwa ratili. Na mwezi ule ule Marekani ikapunguza sukari inayonunua Cuba. Mama zangu, ni kama mtu akwambie, "Deni lako nitakulipa kwa faida ya maandazi utakayoninunulia," halafu wewe ukaacha kula maandazi.

Tume ya Marekani iliyachunguza madai hayo ikathibitisha 5,913, jumla yake dola bilioni 1.9 bila riba, na riba yake ni asilimia sita kwa mwaka. Kanada, Ufaransa, Uswisi, Uhispania na Uingereza zilikwisha kumalizana na Cuba zamani, kwa pesa pungufu ya zile walizodai, kwa sababu ziliendelea kufanya biashara nayo. Wamarekani hawakuketi kuzungumzia madai haya hadi Desemba 2015, mjini Havana. Na Wakuba nao walikuja na kitabu chao: hasara ya vikwazo vya miaka hamsini na zaidi, kubwa kuliko deni lenyewe mara nyingi. Aliyeporwa kiwanda 1960 akiwa na miaka arobaini, mwaka ule angekuwa na tisini na mitano.

Nimesema "pesa pungufu ya zile walizodai". Tulitazame hilo la bei, lakini kwa haraka, maana linauma.

Mwaka wa 1938 Mexico ilipokuwa imechukua mashamba na visima vya mafuta, waziri wa Marekani, Cordell Hull, alitaka fidia iwe ya haraka, ya kutosha, na yenye kutumika. Mwaka wa 1962 Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio namba 1803, likasema fidia "inayofaa". Kati ya "ya kutosha" na "inayofaa" pana nafasi ya kupitisha lori na trela lake. Serikali nyingi hupita hapo. Zinakubaliana fungu moja la jumla, kisha nchi yako inaunda tume ya kuligawa. Wamarekani waliodai China walikuwa na madai yaliyothibitishwa ya dola milioni 196.9. Fungu lilikuwa 80.5. Gawanyeni wenyewe: senti 41 kwa kila dola, baada ya miaka thelathini. Na Zimbabwe mwaka wa 2020 iliahidi dola bilioni 3.5 kwa wakulima Wazungu walionyang'anywa mashamba, tena kwa nyumba, visima na mabwawa waliyojenga, si kwa ardhi yenyewe. Malipo yalipoanza 2025, pesa taslimu ilikuwa asilimia moja. Iliyobaki ni hatifungani.

Kabla hamjaondoka na hasira zenu zote zimeelekea nje ya mipaka, nina jambo la nyumbani. Sisi nasi tumewahi kuketi upande wa pili wa meza.

Katika miaka ya sabini Wamarekani wawili wataalamu wa miamba walipata rubi karibu na Tsavo. Muda si muda machimbo yakawatoka mikononi na mmoja akafukuzwa nchini. Ubalozi wao hapa Nairobi ukaingia kati, ikawa ni jambo la serikali kwa serikali. Nenda Taita Taveta leo: mgodi ule bado unaitwa John Saul, jina la yule aliyefukuzwa. Waliochukua mgodi hawakuona haja ya kubadilisha hata jina.

Na ardhi? Katika mazungumzo ya uhuru ya Lancaster House, London, tulijadiliana namna mlowezi atakavyoondoka na pesa zake. Mpango wa ekari milioni moja ulinunua mashamba ya Wazungu kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia. Mkopo ulilipwa na nani? Na yule yule mwananchi aliyepewa ekari chache, akalipa kwa maziwa na pareto miaka mingi. Mlowezi alikuwa na serikali nyuma yake, akafidiwa. Sasa mkumbukeni Mtalai, mtu wa ukoo wa Talai, aliyehamishwa Kericho kwa nguvu na wakoloni mwaka wa 1934, akatupwa Gwassi kwenye malale na malaria. Ni nani aliyeketi London na daftari la ng'ombe wake? Hakuna. Familia zile zinadai hadi leo. Nimesema mara ya kwanza na narudia: si nani aliyeporwa zaidi. Ni nani aliye na wa kumsemea.

Sasa tuje kwenu. Kama malipo huja siku serikali zinapohitajiana, na siku hiyo huijui, kazi yako ni nini?

Nilikuwa na jirani Ngara, mzee wa Kihindi aliyeuza spea za baiskeli. Alitoka Jinja mwaka ule wa 1972 na begi moja. Nguo aliacha. Ila alibeba bati la biskuti. Siku moja alinifungulia: hatimiliki ya duka, risiti za kodi ya manispaa za miaka kumi na mmoja, orodha ya mali iliyokuwa kwenye rafu siku aliyofunga mlango, imeandikwa kwa mkono, na chini yake saini ya karani wake Mwafrika na tarehe. Bati lile lilikaa juu ya kabati karibu miaka ishirini. Uganda ilipofungua mlango, alilishusha, akapanda basi. Duka alilipata, limejaa wapangaji na paa linavuja, akaliuza. Jirani yake wa kule Jinja, mwenye duka kubwa kuliko lake, alikwenda na kumbukumbu tu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na yule wa pili alirudi Nairobi bila habari.

Kwa hiyo mzigo ukikamatwa Busia, Namanga, Malaba au Nimule, usianze kwa kupiga simu kwa mheshimiwa. Anza na karatasi. Dai hati ya kukamatwa yenye jina la ofisi, tarehe na sababu. Wakikataa kuiandika, andika wewe, taja saa, taja waliokuwepo. Piga picha ya mzigo kabla haujasogezwa. Tunza risiti ya ulikonunulia, maana hasara isiyo na bei ni malalamiko tu. Peleka nakala kwenye ubalozi wetu wiki hiyo hiyo na uhakikishe imepigwa muhuri wa kupokewa. Ubalozi si wakala wa kukusanya madeni, hautakurudishia mzigo kesho. Lakini siku serikali zitakapoketi, afisa atafungua faili, na aliyemo ndani ya faili ndiye aliyepo.

Na jambo la mwisho, vijana mlioko mlangoni ingieni, hili ndilo mlilokuja kulisikia. Kwa kawaida, kabla nchi yako haijadai kwa niaba yako, unatakiwa uwe umezimaliza mahakama za kule ulikoporwa. Miaka inakwenda. Lakini ninyi mna mlango ambao Mavrommatis hakuwa nao. Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, inampokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama mwenyewe, bila kusubiri serikali yake, na bila kulazimika kuzimaliza kwanza mahakama za nchi iliyomkosea. Ni kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya ya sasa. Unapinga uhalali wa kitendo cha serikali ile. Sudan Kusini imo tangu 2016, kwa hiyo wa Juba msidhani mmesahaulika.

Tatizo ni moja. Una miezi miwili tangu kitendo kilipofanyika, au tangu ulipokijua. Miwili. Si miaka miwili. Mahakama ile imewarudisha watu wengi wenye haki mkononi na kalenda iliyopita.

Wangapi hapa mzigo wao umekamatwa tangu mwezi uliopita? Simameni. Mmoja, wawili... wanne. Mama, ni vitenge? Marobota mangapi? Kumi na mawili. Tarehe? Haya, tarehe tatu.

Mwenyekiti, naomba tukatishe maswali kwa dakika chache. Kuna mawakili wawili vijana wameketi kwenye meza ile nyuma, wamekuja bila malipo. Hawa wanne waende kwanza, na karatasi walizo nazo. Mama wa vitenge atangulie, siku zake zimebaki chache.